Pampu Inaponguruma: Chanzo cha Kelele Baada ya Kubadilisha Mabomba ya Nyumbani

Utangulizi

Nyumba nyingi za mijini hupata maji kwa zamu. Siku maji yanapotoka, hujazwa katika tangi lililochimbiwa ardhini, na baadaye pampu ndogo ya umeme huyapandisha hadi katika tangi la juu. Kutoka huko yanateremka yenyewe mpaka jikoni na bafuni. Pampu hiyo hukaa mahali fulani nyuma ya nyumba, na watu huizoea hata wasiisikie. Hukumbukwa siku inapoanza kupiga kelele.

Jambo la kushangaza ni kwamba kelele hizo aghalabu huanza mara tu baada ya nyumba kufanyiwa matengenezo mema, yaani mabomba ya zamani yaliyooza yalipoondolewa na mapya kutiwa mahali pake. Mwenye nyumba hudhani kuwa pampu imekufa kwa uzee siku ile ile, kwa bahati mbaya. Makala haya yanaeleza kwa nini dhana hiyo mara nyingi si ya kweli, na namna ya kutambua chanzo cha kelele kabla fedha hazijatumika kununua chombo kipya.

Mfano wa nyumba moja

Uchukuliwe mfano wa nyumba iliyoko Dar es Salaam. Kwa miaka mingi pampu yake ilikaa kando ya tangi la chini, ikivuta maji kwa bomba la chuma la inchi moja lenye urefu wa mita 5 na kiwiko kimoja tu. Bomba hilo likaota kutu, maji yakawa mekundu, na nguo nyeupe zikaharibika. Mwenye nyumba, mama wa makamo, akaamua kung'oa mabomba yote ya chuma na kutia ya plastiki ngumu, yale yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto. Akashauriwa kutumia ya milimita 25, kwani inchi moja ni karibu milimita 25. Wakati huo huo pampu ilihamishiwa stoo, juu ya rafu ya zege, ili isiibwe. Bomba la kuvutia maji likarefuka hadi mita 10, nalo likapitia viwiko sita, ambavyo mafundi huviita elbo.

Pampu ilipowashwa, ilinguruma kana kwamba imetiwa kokoto. Tangi la juu la lita 1,000, ambalo zamani lilijaa kwa muda wa nusu saa hivi, sasa lilichukua karibu saa nzima. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema: "Mama, pampu hii imechoka. Nunua nyingine, yenye nguvu zaidi." Mama akamwuliza, "Sasa fundi, mbona juzi ilikuwa nzima?" Fundi hakuwa na jibu.

Swali la mama huyo ndilo swali la kisayansi. Kitu kilichobadilika si pampu. Kwa hiyo uchunguzi hauna budi kuanzia penye badiliko, yaani kwenye mabomba.

Pampu haivuti maji

Husemwa kwamba pampu huvuta maji. Kwa hakika hakuna chombo kiwezacho kuyavuta maji kama mtu avutavyo kamba. Mtu anywaye dafu kwa mrija hupunguza hewa iliyomo kinywani mwake, na hewa ya nje, ambayo daima inayakandamiza yale maji ya dafu, huyasukuma yapande ndani ya mrija. Pampu nayo hufanya vivyo hivyo. Kigurudumu chake chenye mapanga, kiitwacho impela, kinapozunguka huyatupa maji pembeni na kupunguza kanieneo katikati. Kazi ya kuyaleta maji mapya hufanywa na hewa inayokandamiza uso wa maji tangini.

Nguvu ya hewa hiyo ina kikomo. Mafundi wa Italia walijua zamani kwamba pampu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, na Galileo Galilei aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Mwanafunzi wake, Evangelista Torricelli, ndiye aliyeeleza sababu katika miaka ya 1643 na 1644: mtu anaishi chini ya bahari ya hewa, na uzito wa bahari hiyo hulingana na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha mita 10.3. Hicho ndicho kiasi chote cha msukumo ambacho pampu iliyoko pwani hupewa. Mahali palipoinuka hewa ni haba zaidi. Mbeya, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kiasi hicho hushuka hadi karibu mita 8.4.

Kwa hiyo msukumo wa hewa ni kama akiba iliyowekwa benki. Kila kimo ambacho maji yanapanda, kila mita ya bomba, kila kiwiko na kila vali hutoza ushuru wake. Kinachobaki mlangoni mwa pampu ndicho kinachoamua kama pampu itanyamaza au itanguruma.

Maji yanayochemka yakiwa baridi

Akiba hiyo inapokaribia kwisha, hutokea jambo ambalo wengi hawalitazamii: maji huchemka bila kupashwa moto.

Wapanda mlima Kilimanjaro hulifahamu jambo hili kwa kiasi. Katika kilele cha Uhuru, chenye kimo cha mita 5,895, maji huchemka kwenye nyuzijoto 80 na kidogo badala ya 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni chache. Kanieneo ikizidi kushuka, nyuzijoto za kuchemka nazo hushuka. Maji yenye nyuzijoto 30, kama yale ya tangini Dar es Salaam, huanza kutoa mapovu ya mvuke mara kanieneo inapobaki sawa na kimo cha maji cha mita 0.4 tu.

Msomaji aweza kulishuhudia hilo nyumbani. Achukue bomba la sindano jipya lisilotiwa sindano, afyonze maji ya moto kiasi, yasiyofikia kuchemka, atoe hewa yote iliyobaki, kisha azibe mdomo wake barabara. Akivuta mchi wa bomba hilo kwa nguvu, ataona maji yakitokota. Akiuachia, mapovu yote hutoweka ghafla. Watoto wasifanye jaribio hili bila mtu mzima.

Huko kutoweka kwa ghafla ndiko kunakoleta kelele. Mapovu hufanyika katikati ya impela, penye kanieneo ndogo, kisha huchukuliwa na maji hadi kwenye ncha za mapanga, penye kanieneo kubwa. Hapo kila povu huporomoka kwa kishindo kidogo. Maelfu ya vishindo hivyo katika kila sekunde husikika kama kokoto zinazosagwa. Wanasayansi hukiita kitendo hiki kavitesheni.

Kavitesheni ilitambuliwa kwanza katika rafadha za meli. Charles Parsons wa Uingereza, aliyeishusha majini meli yake ndogo Turbinia mwaka 1894, aliona kuwa rafadha yake ilizunguka upesi mno, ikawa inazunguka ndani ya mapovu badala ya maji.  Aligawanya kazi ile katika rafadha tisa zilizofungwa kwenye vyuma vitatu, na mwaka 1897 meli hiyo ilipita mwendo wa noti 34. Mwaka 1917 Lord Rayleigh alionyesha kwa hesabu kwamba povu linapoporomoka huzaa kanieneo kubwa sana mahali padogo. Ndiyo sababu impela iliyodumu katika hali hiyo huonekana imetobokatoboka kama chuma kilicholiwa na mchwa. Basi kelele hii si kero ya masikio tu, bali ni sauti ya pampu inayoliwa.

Jina la bomba si tundu lake

Sasa yafaa kurudi kwenye ile nyumba. Bomba la chuma la inchi moja na la plastiki la milimita 25 huonekana kuwa ndugu, lakini majina yao hayapimi kitu kimoja. Inchi moja ya bomba la chuma ni jina linalokaribiana na tundu la ndani, na kwa kweli tundu hilo lina kipenyo cha milimita 27 hivi. Milimita 25 za bomba la plastiki ni kipimo cha nje. Bomba la daraja lililoandikwa PN 20 lina ukuta wenye unene wa milimita 4.2 kila upande, hivyo tundu lake ni milimita 16.6 tu.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwa macho, lakini maji huihesabu vingine. Eneo la tundu jipya ni dogo kuliko la zamani zaidi ya mara mbili u nusu. Ili lita 30 zile zile zipite kila dakika, maji ambayo yalikwenda mita 0.9 kwa sekunde hayana budi kwenda mita 2.3 kwa sekunde. Msuguano nao huongezeka kwa kasi zaidi. Kwa mabomba yenye ulaini sawa, huongezeka takriban kwa kipeo cha tano cha uwiano wa vipenyo, yaani karibu mara 11 katika mfano huu. Ulaini wa plastiki mpya hupunguza kidogo ukali wa hesabu hiyo, lakini hauwezi kuufuta. Aliyewahi kunywa uji kwa mrija mwembamba anaifahamu hesabu hii bila kuandika.

Hesabu ya akiba, kwa mita za maji na kwa makadirio, ni hii:

Akiba ya hewa baada ya kutoa kanieneo ya mvuke: 9.9.

Zamani: kimo cha kupanda 2.0, msuguano wa bomba, kiwiko na vali 0.5. Jumla 2.5. Iliyobaki 7.4.

Sasa: kimo cha kupanda 3.0; msuguano wa bomba 3.4; viwiko sita 1.6, vali yenye chujio 0.6. Jumla 8.6. Iliyobaki 1.3.

Pampu ndogo za nyumbani kwa kawaida huhitaji kubakiwa na mita 2 hadi 3 ili zisifanye mapovu. Zamani nyumba hii ilikuwa na ziada kubwa. Sasa ina deni. Na maji yanaposhuka tangini, kimo cha kupanda huongezeka na deni huzidi.

Hapo ndipo ubaya wa ule ushauri wa fundi unapodhihirika. Pampu yenye nguvu zaidi ingejaribu kupitisha maji mengi zaidi katika tundu lile lile jembamba. Msuguano ungezidi, akiba ingekwisha mapema zaidi, na kelele ingekuwa kubwa kuliko ya kwanza. Mama angelipia pampu mpya ili apate ngurumo mpya.

Kuzitofautisha kelele

Si kila kelele ni kavitesheni. Kabla ya kufungua kitu chochote, ni vema kusikiliza na kupima kwa utaratibu ufuatao.

1. Sauti kama kokoto, isiyokatika. Ifungwe kidogo koki iliyo kwenye bomba la kutolea maji, wakati pampu inafanya kazi. Kelele ikipungua, kavitesheni ndiyo inayoshukiwa kwanza, kwa sababu maji yamepunguzwa mwendo na ushuru wa bomba umepungua. Koki ya upande wa kuvutia isifungwe kamwe kwa jaribio hili, maana itaongeza tatizo.

2. Sauti ya kukoroma inayokuja na kupotea, na maji yanayotoka yakiwa na weupe kama maziwa ambao hutakata kuanzia chini ya glasi. Hii ni hewa inayoingia. Chunguza kila kiungo cha upande wa kuvutia kwa kukipaka povu zito la sabuni wakati pampu inazunguka. Mahali penye tundu, povu litafyonzwa ndani. Dalili nyingine ni pampu kuhitaji kujazwa maji kila asubuhi ndipo ivute. Hapo vali ya mwisho wa bomba tangini, ambayo mafundi huiita futivalvu, nayo itazamwe.

3. Kishindo kimoja pampu inapozimwa au koki inapofungwa ghafla. Hii ni nyundo ya maji. Maji yaliyokuwa mbioni husimamishwa na kugonga kama gari la moshi lililopiga breki. Nikolai Zhukovsky wa Urusi alieleza kanuni yake mwaka 1898. Katika bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde inayosimamishwa papo hapo huongeza kanieneo ya kimo cha zaidi ya mita 100. Plastiki hutanuka na kulegeza pigo, lakini tundu jembamba hukuza mwendo na kulirudisha. Dawa yake ni koki zinazofungwa polepole, bomba la kutolea lenye tundu pana zaidi, na mabomba yaliyobanwa imara ukutani.

4. Mvumo unaosikika nyumba nzima. Huenda pampu yenyewe ni tulivu, lakini imefungwa kwenye rafu au ukuta unaovuma kama ngozi ya ngoma. Mpira mnene chini ya pampu na kipande kifupi cha bomba laini upande wa kutolea husaidia. Mpira huo usiwekwe kabla ya hatua ya kwanza na ya pili, kwani utaficha ugonjwa bila kuuponya.

5. Mlio mwembamba wa kukwaruza, unaobaki hata maji yakipita vizuri. Hapa ndipo pampu yenyewe inapostahili kulaumiwa. Beringi zimekwisha, au takataka za ujenzi, kama vinyweleo vya plastiki, mchanga na nyuzi za utepe wa kuzibia, zimeingia kwenye impela. Mota inayovuma bila kuzunguka huzimwa mara moja, kwani yaweza kuungua. Sababu huwa kapasita mbovu, umeme hafifu, au impela iliyokwama.

Tiba

Katika mfano huu tiba haikuhitaji pampu mpya. Kanuni ni moja: upande wa kuvutia uwe mfupi, mpana, ulionyoka na usiopitisha hewa. Pampu irudishwe karibu na tangi, ndani ya kijumba kidogo chenye mlango wa chuma na matundu ya kupitisha hewa. Bomba la kuvutia liwe la plastiki la milimita 40 la daraja hilo la PN 20, ambalo tundu lake ni milimita 26.6, karibu sawa kabisa na lile la chuma la inchi moja. Liinuke kidogo kidogo kuelekea kwenye pampu bila kupanda na kushuka njiani, ili hewa isipate mahali pa kujikusanya. Viwiko visizidi viwili. Chujio la futivalvu lisafishwe.

Upande wa kutolea, bomba jembamba halina hatari hiyo, kwa kuwa huko pampu husukuma kwa nguvu zake yenyewe. Hasara yake ni umeme na muda. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanze na upande wa kuvutia.

Hatari zisizopiga kelele

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa zaidi ya kelele, kwa sababu yanahusu uhai.

Kwanza, bomba la kuvutia lina kanieneo iliyo chini ya ile ya nje. Bomba linalovuja kwa nje huonekana, maana hulowesha ardhi. Bomba la kuvutia lenye ufa halilowanishi kitu. Lenyewe hufyonza kilicho kando yake. Likipita kwenye udongo mbichi karibu na shimo la maji machafu, uchafu huo huingia katika maji ya kunywa, na pamoja nao vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hivyo kukoroma kwa hewa katika pampu kwaweza kuwa onyo la kwanza na la pekee. Hatari ni kubwa zaidi pampu inapofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kwa sababu hapo hufyonza kupitia nyufa za bomba linalohudumia majirani wote.

Pili, katika nyumba za zamani mabomba ya chuma mara nyingi yaligusana na ardhi na kuupa umeme uliovuja njia ya kwenda chini, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Plastiki haipitishi umeme. Chuma kinapong'olewa, pampu isiyo na waya wake wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, yaweza kumpiga umeme mtu anayeigusa kwa mkono wenye maji. Baada ya kubadilisha mabomba, waya huo hauna budi kukaguliwa na fundi umeme, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya kazi yoyote.

Hitimisho

Kelele ya pampu ni taarifa. Mwenye kuisoma vizuri huuliza kwanza nini kimebadilika, kisha hupima tundu la bomba badala ya kuamini jina lake, na mwisho hujumlisha ushuru ambao maji yametozwa kabla ya kufika kwenye impela. Hesabu hiyo haihitaji chombo zaidi ya rula, saa na ndoo ya lita 20, nayo humwokolea mtu bei ya pampu nzima.

Maswali ya kujipima

1. Pampu yako hujaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40. Ni lita ngapi kwa dakika? Maji hayo huenda kwa kasi gani katika tundu la milimita 16.6?

2. Ikiwa nyumba ya mfano wetu ingekuwa Mbeya badala ya Dar es Salaam, mabomba mapya yangeacha akiba ya kiasi gani mlangoni mwa pampu?

3. Eleza kwa nini kufunga kidogo koki ya kutolea hupunguza kavitesheni, ilhali kufunga koki ya kuvutia huiongeza.